Fundi Ipyana na Tope la Chini ya Bahari

Ipyana Swila hakupenda maji mengi. Mvua haikumtisha, na ndoo ya kuogea haikuwa na neno, lakini mto au bwawa alivipita amekaza macho mbele, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemwamini. Majirani zake wa Chapwa, hapo Tunduma, hawakumtania kwa hilo. Walijua lilikotoka.

Alipokuwa kijana kwao Ileje, chini ya vilima vya Itumba, kaka yake Efraimu alivuka Mto Songwe kwenda kuangalia shamba lao la ng'ambo. Asubuhi maji yalikuwa ya magotini. Mchana mvua ikapiga milimani, na Efraimu aliporudi mto ulikuwa umeacha njia yake ya zamani na kuchukua nyingine, ukamchukua na yeye. Habari zilikuja baadaye kwamba amezikwa upande wa Malawi, na watu wasiojua jina lake.

Baada ya msiba ule Ipyana alikuja Tunduma, akajifunza kuziba pancha, na hatimaye akapata kijiwe chake kando ya barabara kuu, pale malori yanapokaa foleni kusubiri kuvuka boda au yanapopumua baada ya kuvuka. Alikuwa na kompresa, jeki, mitaimbo na beseni la maji la kutafutia tundu. Madereva walimwamini kwa sababu hakuwa na haraka. Akamwoa Tabita, mwanamke wa Mbozi mwenye shamba la mahindi na maharage kwao, wakapata binti mmoja, Gwantwa.

Gwantwa alikuwa na akili ya shule. Baba yake alitamani awe daktari, afanye kazi hospitali ya Vwawa, aje nyumbani kila mwisho wa wiki. Badala yake mtoto alichagua sayansi ya bahari.

"Bahari ipi?" Ipyana alimuuliza siku ile. "Mkoa mzima wa Songwe umeiona bahari wapi?"

"Ndiyo maana naifuata, baba."

Alimaliza chuo, akabaki Unguja kwenye kituo cha utafiti, akipima maji ya pwani chini ya mhadhiri mmoja aitwaye Daktari Fausta. Ipyana alianza kuzoea. Pwani si mbaya, alijiambia. Mtu anaweza kusimama pwani bila kuingia ndani.

Kisha mwaka jana, mvua zilipokuwa zinakatika, Gwantwa alikuja likizo. Alikaa juu ya tairi kuukuu pale kijiweni, akawa anamwangalia baba yake akifungua tairi la lori. Tabita alikuwa ameleta chakula, ameketi kwenye kigoda.

"Baba, nimepata nafasi ya kwenda kazini melini," alisema. "Bahari ya Pasifiki. Tutapanda ndege mpaka Meksiko, halafu meli."

Mtaimbo ulimponyoka Ipyana, ukagonga rimu.

"Kwa muda gani?"

"Kama wiki sita."

"Na nchi kavu inakuwa umbali gani?"

Gwantwa alisita. "Siku kadhaa."

Akaeleza. Kule katikati ya Pasifiki, chini kabisa, zaidi ya kilomita nne kwenda chini, kumetandazwa tope laini, na juu ya lile tope yamelala mawe meusi ya ukubwa wa viazi mviringo. Mawe hayo yamejaa manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Kampuni za nchi mbalimbali zinayataka kwa ajili ya betri, lakini haziruhusiwi kuyachimba hivi hivi. Kwanza lazima wapime kuna uhai gani huko na utapata madhara gani, na lazima wawachukue vijana wa nchi kama yetu wajifunze kazi. Jina la Gwantwa lilikuwa limepita.

"Kwa hiyo unakwenda kuwaokotea mawe," alisema Ipyana.

"Nakwenda kuangalia tope, baba."

Tabita alicheka. "Miaka yote ile ya shule, mwanangu, ukaangalie tope?"

Gwantwa naye alicheka, akanyoosha kidole kwenye kompresa. "Huo upepo baba anaojaza kwenye matairi, mama, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Imejaa hewani, bure. Lakini mahindi yako hayawezi kuila ilivyo."

"Ndiyo maana natia urea. Au napanda maharage kwanza, mwaka unaofuata mahindi yanashika vizuri."

"Sawasawa. Na baharini kuna mimea, midogo mno, macho hayaioni. Nayo inataka naitrojeni. Mimea hiyo ikifa, na samaki wakifa, mabaki yao yanazama polepole kama vumbi mpaka kwenye tope. Mle kuna bakteria. Wapo wanaoyaozesha yale mabaki, wapo wanaoigeuza naitrojeni iwe mbolea tena, na wapo wanaoirudisha kuwa hewa. Maji ya chini nayo yanazunguka, na baada ya miaka mingi sana ile mbolea inafika juu, mimea inakula. Sasa, mashine ya kuokotea mawe itakwangua na tope la juu. Mimi nataka kujua wale bakteria wakikwanguliwa, kazi yao inaendelea au inakufa."

"Shamba likikwanguliwa udongo wa juu, hata maharage hayaoti," alisema Tabita. "Hilo mbona linajulikana."

"La shamba linajulikana, mama. La huko hawajalipima vya kutosha."

Ipyana alisikia maneno hayo yote, lakini moyo wake ulikuwa umebaki kwenye zile kilomita nne. Mtu wa matairi anajua habari ya kubanwa. Tairi la lori likijazwa upepo wake huwa gumu kama jiwe, na likipasuka linaweza kuondoka na kichwa cha mtu.

"Huko chini," aliuliza, "maji yanabana kuliko tairi?"

"Zaidi ya mara hamsini ya tairi hilo. Lakini mimi sishuki, baba. Kinachoshuka ni sanduku la chuma, kwa waya. Linakata tope, linapandishwa."

Alijuta kuuliza. Chakula kile hakukimaliza.

Gwantwa aliondoka. Alikuwa ameahidi kuandika kila Jumapili, maana meli ilikuwa na mtandao wa setilaiti, na kweli aliandika. Alituma picha ya tope la rangi ya kahawia, laini kama uji, na juu yake mawe meusi yamejipanga kama yaliyotiwa kwa mkono. Alituma picha yake mwenyewe, amevaa kofia ngumu na koti la kujiokolea, nyuma yake maji matupu mpaka mwisho wa macho. Tabita aliionyesha kanisani. Ipyana aliiangalia mara moja, akaona yale maji, akairudisha simu.

Hofu ya pili ilimjia kutoka upande ambao hakuutazamia. Alikuwa na mteja wa siku nyingi, dereva aitwaye Nkwabi, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Momba na ng'ombe wao. Nkwabi alikuwa anashusha shaba na kobalti kutoka Kongo na Zambia kwenda bandari ya Dar es Salaam, na kila akipita Tunduma alisimama kwa Ipyana, hata kama hakuwa na pancha, wapige soga tu. Mchana mmoja alishuka kwenye lori akiwa ameshika simu.

"Fundi, umeiona hii?"

Ilikuwa video ya mashine kubwa yenye minyororo, inashushwa kutoka melini.

"Wanasema kobalti nyingi kuliko ya Kongo yote imelala chini ya bahari," alisema Nkwabi. "Haina foleni, haina boda, haina dereva. Wakianza, mimi nitabeba nini? Na wewe utaziba tairi la nani?"

"Si hawajaanza?"

"Hawajaanza, lakini meli ziko huko. Zinapima. Anayekuja kupima kiwanja chako hajaja kukusalimia."

Ipyana aliinama kwenye beseni, akajifanya anatafuta tundu ambalo alikwisha kuliona. Alitazama lori la Nkwabi lilivyofunikwa turubai na kukazwa kamba, na nyuma yake lori jingine, na jingine, mpaka kule barabara inapokata kona. Akina mama waliokuwa wanauza chakula, vijana wa kubadilisha fedha, nyumba za kulala wageni, kijiwe chake yeye mwenyewe: vyote vilikuwa vinakula kutoka chini ya yale maturubai. Na mtoto wake alikuwa kwenye meli inayopima.

Tangu siku hiyo alianza kukosa usingizi na kujibu watu kwa mkato. Tabita alimuuliza, "Unaogopa maji au unaogopa mawe?"

"Vyote viwili."

"Basi chagua kimoja nikuombee, maana hata Mungu atachoka."

Jumapili moja Gwantwa hakuandika. Tabita alisema huenda mtandao unasumbua. Jumapili iliyofuata hakuandika tena. Katikati ya hizo mbili, Ipyana akiwa amelala chini ya tela la lori, simu yake iliita. Akaichomoa mfukoni. Namba haikuwa ya Tanzania wala ya Zambia. Ilikuwa ndefu, na mwanzo wake hakuwahi kuuona. Mchungaji alikuwa ametangaza wiki hiyo hiyo kwamba matapeli wanapiga kwa namba za ng'ambo, wasipokee. Akakata. Ikaita tena, akakata. Ilipoita mara ya tatu aliizima kabisa simu, akarudi chini ya tela, akimlaani tapeli huyo asiyejua kukata tamaa.

Alikumbuka kumsimulia mkewe Jumapili ile ya pili, walipokuwa wametoka ibadani, kama jambo la kuchekesha. Tabita alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama.

"Namba ilianza na nini?"

"Sijui. Alama ya kujumlisha, halafu tarakimu nyingi."

"Na mwanao yuko wapi, Baba Gwantwa?"

Alitafuta ile namba, akapiga. Ikajibu sauti ya mashine kwa lugha ambayo si Kiswahili wala Kiingereza, ikakata. Akapiga tena, sauti ile ile. Tabita aliacha ugali ukaungua, akakaa chini sakafuni, khanga mdomoni. Hakulia. Alikuwa anamwangalia tu mumewe akipiga, na macho yale yalimuuma Ipyana kuliko kelele.

Asubuhi alimpigia Daktari Fausta, ambaye Gwantwa alikuwa amemwekea namba yake kwenye simu.

"Mzee wangu, hata mimi nimesikia jana usiku," alisema Daktari. "Kulikuwa na ajali wakati wa kupandisha vifaa. Sijapata taarifa kamili. Naomba unipe muda."

"Ajali ya nani? Ya mwanangu?"

"Ndicho ninachofuatilia. Nitakupigia."

Akaenda kazini, kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Ilikuwa siku ya foleni ndefu. Nkwabi alikuwepo, anarudi kutoka Dar na tela tupu, akamletea tairi la nyuma. Ipyana alilifungua, akaziba, akalirudisha kwenye rimu, akachomeka mpira wa kompresa. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Masikio yake yalikuwa kwenye simu iliyolala juu ya kopo la grisi. Kompresa ilinguruma, tairi likajaa, likaendelea kujaa.

"Fundi!" Nkwabi alipiga kelele. "Zima! Zima!"

Hakusikia. Nkwabi alimsukuma kando kwa bega, akang'oa mpira, na upepo ukatoka kwa mluzi mkali. Tairi lilikuwa limevimba ubavuni. Wote wawili walibaki wamesimama, wanahema.

"Unataka kutuua?" alisema Nkwabi. Kisha akamtazama vizuri usoni. "Fundi, una nini?"

Ipyana alikaa chini. Akamwambia yote: meli, mawe, tope, mtoto, simu aliyoikata. Hakuficha kwamba ile siku ya video alikuwa anajua zaidi ya Nkwabi. Nkwabi alisikiliza akiwa ameshika ule mpira mkononi.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaniinamishia kichwa," alisema mwishowe. "Nakuletea kilio changu, kumbe kinatoka nyumbani kwako."

"Yeye si mchimbaji, Nkwabi. Anapima."

"Hayo tutayasema akirudi. Mtoto ni mtoto."

Akavuta tairi, akakaa karibu yake. Zamu yake ya kuvuka ilifika, malori ya nyuma yakapiga honi. Akamwambia utingo wake aliingize lori pembeni, wengine wapite.

Simu iliita jua likiwa limesimama kichwani. Namba ndefu. Vidole vya Ipyana vilikuwa na grisi, kioo kikawa kinateleza, hakipokei. Nkwabi ndiye aliyeipokea, akamwekea sikioni.

"Baba?"

Ipyana aliishika simu kwa mikono miwili.

"Baba, ni mimi. Niko hospitali, Meksiko. Ni mkono tu. Mbona mlikuwa mnanikatia simu?"

"Mchungaji alituambia," alisema Ipyana, na hapo akaanza kulia kama mtoto, mbele ya madereva na akina mama wa chakula.

Mambo yalikuwa hivi. Mawimbi yalikuwa yamechafuka. Sanduku la chuma lilikuwa linapandishwa juu ya meli likiwa limejaa tope, likaanza kubembea. Gwantwa aliona tope la wiki nzima linataka kumwagika, akanyoosha mkono kulituliza. Likambana kwenye chuma cha ukingoni. Vidole viwili vilivunjika na kiganja kikapasuka. Baharia mmoja aliyejaribu kumvuta alipigwa kifuani, akaumia vibaya zaidi. Dhoruba ile ile iliharibu kifaa cha mawasiliano, na meli ikakaa siku nyingi njiani ikirudi nchi kavu na majeruhi, bila mtandao. Simu zile tatu alizozikata Ipyana zilikuwa za muuguzi, siku aliyofikishwa. Baadaye Gwantwa alipasuliwa mkono, akalala kwa dawa siku kadhaa, na alipopata nguvu ndipo alipopiga mwenyewe.

Alirudi nyumbani na mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Watu walikuja kumpa pole, Tabita akachinja kuku, akawa anamlisha kwa mkono wake kama mtoto mchanga ingawa mkono wa kulia ulikuwa mzima. Ipyana alikaa mlangoni akimwangalia anavyotafuna.

Lakini Nkwabi hakuja tena. Wiki moja ikapita, nyingine ikapita, na Ipyana akaliona lori lake limesimama kwa fundi mwingine, mbele kidogo, karibu na kituo cha mafuta. Walitazamana. Nkwabi aliinua mkono, akaushusha. Jambo lile lilimkaa Ipyana moyoni. Akaanza kuhisi kila dereva anayepita bila kusimama anajua habari za binti yake, na kila kicheko cha kwenye foleni ni chake yeye. Siku nyingine kilikuwa chake kweli. Utingo mmoja alimwita "Baba Bahari," na jina likaanza kushika.

Hatimaye Nkwabi alikuja. Hakuwa na tairi. Alimkuta Gwantwa amekaa kijiweni, anajaribu kukunja vidole alivyofunguliwa bandeji.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba. Pole na mkono." Hakukaa. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu, mwanangu. Wataanza lini?"

"Sijui, anko. Mataifa bado yanabishana. Wapo wanaotaka kesho, wapo wanaosema kamwe."

"Na wewe umekuta nini huko?"

Gwantwa alimweleza. Mashine ya majaribio ilikuwa imekwangua kipande cha sakafu ya bahari, na wao wakachukua tope pale na tope la pembeni ambako haikupita. Kwenye tope lililokwanguliwa, kazi ya wale bakteria ya kugeuza naitrojeni ilikuwa imeshuka sana. Na kulikuwa na mahali pengine palipokwanguliwa kabla hata yeye hajazaliwa, watu wengine wamekwenda kupaangalia, na alama za mashine bado zinaonekana kama za jana.

Uso wa Nkwabi ulikunjuka. "Basi andika kwamba bahari itakufa. Waache."

"Siwezi kuandika hivyo. Nilipata masanduku machache. Mengine yalimwagika siku niliyoumia. Nitaandika nilichopima, na nitaandika kwamba ni kidogo."

"Hata kama kidogo chenyewe kinatuokoa?"

"Hata hivyo."

"Na kama ungekuta haina madhara yoyote?"

Ipyana aliacha kupiga nyundo.

"Ningeandika haina madhara, anko."

"Unamsikia mwanao?" Nkwabi alimgeukia Ipyana.

"Namsikia," alisema Ipyana. Alikuwa anatamani, kwa moyo wake wote, mtoto aseme vile Nkwabi anavyotaka, hapo hapo, na maneno yaishe.

Lori lilipita, vumbi likawafunika, likatulia.

"Wazazi wangu walipofika Momba," alisema, sauti ikiwa imeshuka, "watu walisema ng'ombe wetu wamemaliza ardhi. Labda walimaliza. Labda hawakumaliza. Ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyekuja kupima. Siku moja tukaambiwa tuhame, basi. Baba alikufa akiuliza walijuaje." Akavuta kile kigoda cha Tabita, akakaa. "Pima. Lakini pima vizuri, maana umeshika ugali wangu mkononi, na mkono wenyewe mbovu."

Gwantwa alicheka mpaka akaushika ule mkono kwa maumivu.

Ipyana alidhani hapo mambo yametulia. Kumbe kubwa lilikuwa bado. Kabla ya kurudi Unguja, Gwantwa aliwaambia wazazi wake kwamba ameombwa arudi Pasifiki mwaka unaofuata, kumalizia tope lililomwagika. Safari hii meli ilikuwa ya chuo kikuu kimoja cha nje, si ya kampuni.

"Hapana," alisema Ipyana.

"Baba—"

"Nimesema hapana. Nilishakuzika, wewe. Siku ile unapiga simu, mimi nilikuwa nimeshakuzika. Sitakuzika mara mbili."

Akatoka nje. Tabita hakumfuata. Alimwacha mpaka akarudi mwenyewe, akamkuta binti yake bado amekaa pale pale.

"Nisiporudi, baba, watabaki na yale masanduku machache," alisema Gwantwa taratibu. "Anayetaka kuchimba atasema hayatoshi. Asiyetaka atasema yametosha. Kila mtu atayavuta upande wake, na mimi ndiye niliyeyaleta."

Ipyana alivuta kiti, akakaa. Alipofungua mdomo, lilitoka swali ambalo hata mkewe hakulitegemea.

"Hilo sanduku linapandishwaje? Nieleze toka mwanzo. Waya umefungwa wapi?"

Gwantwa alimweleza. Akachukua kikombe akakifunga uzi, akaonyesha. Ipyana aliuliza nani anashika kamba za pembeni, ziko ngapi, nani anatoa amri, na sakafu ya meli ikilowa wanavaa viatu gani. Aliinua majeki na kushusha matela maisha yake yote. Mzigo alikuwa anaujua.

"Siku ile kamba moja ilikuwa imelegea," alisema Gwantwa.

"Basi ulikosea. Mzigo unaoning'inia haushikwi kwa mkono. Ukiona kamba imelegea, unaruka nyuma, unauacha uanguke. Tope la kumwagika lipo jingine huko chini. Wewe hakuna mwingine. Sema."

"Nitaruka nyuma."

"Sema tena."

Akasema tena. Baba yake hakumwambia nenda. Lile hapana pia hakulirudia.

Gwantwa aliandika matokeo yake na wenzake, yakatoka, madogo kama alivyosema, yakawekwa pamoja na ya watu wengine wa nchi nyingine. Kobalti bado inapita Tunduma chini ya maturubai, na mawe yale bado yamelala kwenye tope lake; wakubwa wa mataifa hawajakubaliana. Nkwabi amerudi kwa fundi wake wa zamani, ingawa siku nyingine anakaa kimya zaidi kuliko alivyokuwa.

Na wiki iliyopita Gwantwa aliondoka kwenda tena melini. Ipyana alimsindikiza mpaka stendi, amebeba begi. Tabita anasema kila asubuhi mumewe anamuuliza leo huko ni usiku au mchana, na anapojibiwa anatikisa kichwa kana kwamba jibu lingeweza kuwa jingine. Anakula nusu. Moyo wake haujapona, na huenda hautapona mpaka meli ifunge gati.

Leo alifungua kijiwe mapema. Lori la kwanza lilikuwa la Mzambia kutoka Kitwe, tairi la mbele limekaa chini.

"Mulishani, fundi?" dereva alimjulia hali kwa Kibemba.

"Bwino," alijibu Ipyana, akapiga goti, akaanza kulegeza nati.